Kapteni Asiyejiweza

"Weka kiti chini, kapteni!"

"Sikiweki! Nijibu kwanza: mtu asiyejiweza anabeba kiti hivi?"

"Nimesema weka..."

"Kwa mkono mmoja! Tena wa kushoto!"

"...kiti chini, kuna bibi alitaka kukikalia!"

Ukumbi wa kampuni ya bima pale Kamaladi, katikati ya Kathmandu, ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Waliogongwa na pikipiki, walioanguka ngazini, mwenye bendeji, mwenye gongo, wote walisahau maumivu yao wakakodoa macho. Si kila siku unamwona rubani, shati jeupe pe, mistari minne ya dhahabu mabegani, kasimama na kiti kichwani kama anahama nyumba.

Asmi Thebe, binti wa dawati la madai, alichomoa penseli kwenye nywele zake. Siku hiyo alivaa kurta ya rangi ya haradali na subira yake yote, ila subira ilikuwa imebaki kidogo.

"Jina?"

"Nirvik Rajkarnikar. Mwajiri wangu kaniingiza kwenye bima yenu bila kuniuliza. Humu mmeandika," akakitikisa kijitabu, "'rubani aliyenyimwa cheti cha afya atahesabiwa kuwa asiyejiweza.' Mkosi huu! Nifute jina."

"Nikuulize, kapteni. Fundi cherehani akizimia mara moja kwa mwaka, kesho yake anashona?"

"Anashona."

"Na rubani?"

Kiti kilishuka kidogo.

"Unaona? Wewe unaweza kuwa buheri wa afya, unacheza kwenye harusi, unabeba viti vya watu. Daktari wa marubani akikukatalia cheti, kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Huko ndiko kutojiweza kwenyewe. Bima hii hailipii mguu wala jicho. Inalipia anga."

Nirvik alimtazama kana kwamba ukuta umemsalimia. "Anga lote?"

"Kipande chako tu. Kila mwezi, mpaka umri wa kustaafu."

Kabla hajajibu, yule bibi alimchapa na mwavuli kiunoni. "Mjukuu wangu, anga lako lipo tu. Kiti changu nakitaka sasa."

Ukumbi mzima ukacheka. Nirvik naye akacheka, na Asmi akaona meno yake, akajua amekwisha. Jioni jamaa alirudi na sahani mbili za momo, vile vifuko vya unga vyenye nyama, zinazofuka mvuke na achari kali ya kutoa machozi. Jina halikufutwa.

Tangu siku hiyo simu ya Asmi ililia kila asubuhi kabla ya saa nne, maana upepo wa Jomsom, kituo chake cha milimani, ukishaamka hakuna ndege inayothubutu.

"Uko wapi, wewe?"

"Nimebanwa katikati ya wakubwa wawili."

"Mawaziri?"

"Mawaziri gani! Huku mlima Dhaulagiri, huku mlima Nilgiri. Mpenzi, ndege yangu ina viti kumi na tisa. Kule tunapita kama nzi kwenye mlango wa hekalu."

"Nzi mwenye mistari minne."

"Cheka. Leo jua limegusa kilele kimoja tu, vingine vyote bado bluu. Abiria wakanyamaza. Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Miaka kumi na mbili naruka, Asmi, na bado nikiona vile najiuliza nani kaniruhusu kuingia huku."

Asmi alizaliwa milima ikiwa dirishani. Alianikia nguo mbele yake, alichania nywele mbele yake. Lakini baada ya simu zile akawa anasimama juu ya paa na mswaki mdomoni, povu linamtiririka, anashangaa kama mgeni.

Ndipo mwezi wa Mangsir, baridi ikianza, anga likiwa safi kama bakuli lililooshwa, Nirvik akamwita kwenye kibanda cha chai kule Patan. Alikuwa na sweta lililochakaa na ndevu za siku tatu.

"Wiki hii hujaruka?"

"Nimeomba likizo. Nimesema mafua." Alizungusha glasi ya chai bila kunywa. "Jumapili niliona kitu. Duara la mwanga juu ya Nilgiri. Lina meno kama msumeno, linameremeta rangi zote, linakua polepole. Nikadhani mlima umefunguka. Nikamwambia rubani msaidizi, tazama! Akasema, nini, kaka? Nikageuza kichwa nimwoneshe..."

"Enhe?"

"Mwanga ukageuka na mimi."

Asmi akaweka glasi yake chini.

"Ulikuwa jichoni mwangu, Asmi. Kichwani. Nikampa usukani, nikamwambia leo tua wewe. Kwa dakika ishirini, nusu ya mji wa Pokhara sikuiona. Haikuwapo. Halafu ikarudi, na maumivu ya kichwa juu yake." Akashusha sauti. "Na unajua kibaya zaidi? Kizuri kama kile sijawahi kukiona."

Asmi alimshika mkono. Mkono ulikuwa baridi. Kisha jamaa akaharibu kila kitu.

"Basi nimepata dawa. Cheti changu kinakufa Ijumaa saa sita mchana. Sitakwenda kupimwa. Nakiacha kife chenyewe, naandika barua ya kuacha kazi, narudi duka la halua la baba. Wakubwa wetu wengi wamefanya hivyo. Heri kuacha kuliko kuachishwa."

"Hao wakubwa wako ni wapumbavu!"

"Asmi..."

"Sikiliza. Ukiacha mwenyewe, karatasi inasema umechoka kazi. Ukikataliwa na daktari cheti kikiwa hai, karatasi inasema umepoteza anga. Sisi tunalipa aliyepoteza. Aliyeacha tunamtakia maisha mema."

"Na yule daktari wetu wa marubani, Khanal, akigonga muhuri? Nimekwisha, kwa maandishi! Nikiacha mwenyewe, kila siku naweza kutazama juu nikasema, ningetaka ningeruka."

"Uongo mtamu huo."

"Ukoo wangu ni wa wauza halua."

"Nirvik, sitanii! Miaka ishirini na tano mbele yako unaitupa kwa sababu ya muhuri?"

"Hebu niambie ukweli," akasema, na macho yake yalikuwa makali. "Unanipenda mimi au unalipenda faili langu?"

Asmi alijifunga shali yake, akaondoka chai ikiwa nusu.

Siku tatu simu haikulia. Jumatano aliingia kwa meneja wake akaweka faili mezani.

"Mpe mwingine. Mimi siwezi kulishika. Nampenda mwenye faili."

Meneja alilifungua. "Mbona hajadai chochote?"

"Ndiyo taabu yenyewe, bwana."

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi, simu.

"Asmi."

"Uko wapi?"

"Kwa Khanal. Niko kwenye benchi tangu saa mbili. Nimepisha watu saba."

"Unaogopa."

"Naogopa sana. Halafu mama kanipa sagun, baraka ya msafiri. Yai, samaki mkavu na kile kipombe chake cha mchele, safari njema mwanangu. Kadhani naenda kuruka. Sasa nanuka pombe kwenye mlango wa daktari wa marubani!"

Asmi hakutaka kucheka. Alicheka. "Usiondoke hapo. Nakuja."

Pikipiki yake ndogo ilipita mtaa wa Sinamangal kama imeiba kitu. Alimkuta kwenye benchi, kanyoa, kavaa sare kamili, fomu magotini. Maswali sitini ya afya. Marubani wana utani kwamba fomu ile hujazwa macho yamefumbwa: Hapana, Hapana, Hapana, mpaka chini. Nirvik alikuwa amejaza hivyo hivyo, ila swali moja la macho na kichwa lilikuwa tupu.

Asmi aliketi. "Faili lako nimeligawa Jumatano. Ukidai, ukinyimwa, mimi simo. Nimekuja mikono mitupu."

Nirvik alitazama mikono ile muda mrefu. "Nilisema upuuzi siku ile."

"Upuuzi uliokomaa."

"Nisamehe, laazizi."

"Jaza fomu kwanza. Ni saa tano na dakika tano."

Akaandika. Herufi tano tu, *Ndiyo*, na jasho likamtoka kama mtu aliyebeba gunia. Kisha akamwambia, "Ingia na mimi."

Daktari Khanal, kanali mstaafu, mwembamba kama kalamu, alikuwa na sifa mbili: hakuwahi kutabasamu na hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye fomu. Kidole chake kilishuka. Hapana. Hapana. Hapana. Kikasimama.

Akavua miwani.

"Hapa umeandika nini?"

"Ndiyo, Daktari."

"Na pombe?"

"Mama, Daktari. Sagun."

"Hm. Ilianza lini? Uliruka tena?"

"Jumapili ya wiki iliyopita. Sijaruka tena."

Akauliza mengi, akamulika macho, akagonga magoti, akaandika ukurasa mzima. Saa tano na dakika arobaini akachukua muhuri. Asmi alitarajia ngurumo. Muhuri ulifanya *tap*, kama mtu anayeweka kikombe mezani. HAFAI KURUKA. Wakati huo huo ndege ilipita juu ya paa, vioo vya dirisha vikatetemeka, na wote watatu wakaisikiliza mpaka ikaishia milimani. Asmi alistaajabu jinsi kitu kikubwa vile kinavyoweza kumtoka mtu na mtu akabaki kaketi pale pale, shati jeupe, anapumua.

Nirvik alimgeukia. Alikuwa analia na hakujificha.

"Asmi Thebe. Sasa sina kazi, sina anga. Nina mama mwenye pombe, nina duka la halua, na kichwa kinachowasha taa chenyewe. Sikuulizi kama rubani, maana rubani ameshatoka humu. Nakuuliza mimi. Utanikubali?"

Asmi alishamkamata mkono, mdomo umeshafunguka, neno limefika kwenye ulimi.

"Samahani, binti," akasema Daktari Khanal. "Usimjibu kwanza."

Wakamgeukia. Mzee alikuwa ameusukuma muhuri pembeni. Sauti yake ya kijeshi ilikuwa imekwenda wapi, hata sijui. Alisogeza karatasi nyeupe mbele ya Nirvik, akaweka na penseli juu yake, polepole, kama mtu anayeogopa kukataliwa.

"Miaka thelathini na mmoja, kapteni, marubani wananijibu Hapana; hakuna aliyewahi kuniambia ameona nini huko juu. Huo mwanga. Nichoree."