Viatu Vilivyokula Samli

Fundi viatu wa mtaa ule alisifika kwa jambo moja. Ngozi ikipita mikononi mwake, hata kama ilikuwa kavu kama kuni, ililainika. Wateja walimuuliza anaipaka nini. Yeye alicheka tu na kusema, "Siri ya mtungi aijuaye kata."

Siri yenyewe ilikaa chini ya meza, ndani ya kopo la bati. Ilikuwa samli.

Dada yake mkubwa alifuga ng'ombe nje ya mji. Ng'ombe hao walishinda machungani wakila majani mabichi. Kila alipokuja mjini alileta maziwa, samli, na pengine kipande cha nyama. "Mpeni mwanangu," alisema. Mwana huyo alikuwa kitinda mimba wa fundi, msichana wa mwaka na nusu. Walimwita Chiriku kwa jinsi alivyopayuka tangu alfajiri.

Sasa samli ya mtoto iliishiaje kwenye viatu? Fundi alikuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwambia apunguze chumvi na vyakula vya kukaanga. Katika maneno yote yale, fundi alirudi nyumbani na neno moja tu: mafuta.

"Kuanzia leo mafuta ni mwiko nyumba hii," alimwambia mkewe.

"Hata kwa mtoto?"

"Kwani mtoto si mtu?"

Basi maziwa yakichemka, utando wote wa juu ulienguliwa ukatupwa. Nyama ikija, mafuta yake ya manjano yalikatwa. "Haya ni ya ng'ombe mzee," fundi alisema. Chiriku alipewa uji mwepesi na mboga za kuchemsha. Kuimwaga samli, fundi aliona hasara. Kumwambia dada asilete tena, aliona haya. Akaibeba kazini. Dada akiuliza, "Samli mnaionaje?" alijibu bila kupepesa macho, "Tunajiramba vidole, dada."

Polepole Chiriku akanyamaza. Mikono ikawa myembamba. Ngozi ikapauka. Jua likizama, alipapasa akitafuta kikombe kilicho mbele yake.

"Ni meno tu hayo," alisema fundi.

Mkewe hakuamini, lakini hakubisha. Kunyamaza kule kulimuuma baadaye.

Siku moja dada alikuwa ameketi kibandani kwa fundi, anapumzika. Mteja mmoja, mwalimu, akaingia akihema na kiatu mkononi.

"Fundi! Umenipakia nini wewe? Mbwa wamenifuata kutoka nyumbani mpaka shuleni. Nimesimama mbele ya wanafunzi, mbwa ananiramba miguu!"

"Labda wanakupenda, mwalimu," alisema fundi. Kicheko chake kilikuwa kikavu.

Dada alinyoosha mkono. "Hebu nikione." Akakinusa kile kiatu. Akakinusa tena. Mtu hapotewi na harufu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Akainama chini ya meza, akaliona kopo.

"Kumbe ng'ombe wangu wanalisha ngozi za ng'ombe wenzao," alisema.

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! Aliinuka, akakung'uta nguo yake, akaondoka. Hata maji hakunywa. Mwalimu naye akasahau hasira zake, akatazama pembeni. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wiki ile ile mkewe alimwambia, "Leo nampeleka mtoto kliniki. Na wewe twende."

Muuguzi alimpima Chiriku uzito, akampima mkono, akamwangalia macho na ngozi. Ugonjwa mwingine hakuuona.

"Mtoto huyu uzito wake haupandi," alisema. "Anakula nini?"

"Chakula safi," alijibu fundi. "Mafuta hata tone hapewi. Daktari alikataza."

"Alimkataza mtoto, au alikukataza wewe?"

Fundi akakohoa.

"Na wewe mwenyewe, umeacha vya kukaanga?"

Hapo mkewe alishindwa kuvumilia. "Aache wapi! Kila mchana anakula viazi vya kukaanga jirani na kibanda chake. Anadhani sijui, na shati linamsema."

Fundi alitazama shati lake. Doa la mafuta lilikuwa pale pale kifuani, kubwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Muuguzi alivuta kiti, akaketi karibu nao.

"Sikilizeni. Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kumaliza sahani kama ya baba yake. Mafuta kidogo humpa nguvu nyingi ndani ya chakula kidogo. Ubongo wake unakua, nao unayahitaji. Tena kuna vitamini A, inayolinda macho na ngozi. Vitamini hiyo husafiri na mafuta. Mkimpa mboga bila mafuta yoyote, sehemu kubwa hupita tu."

"Na yale mafuta ya manjano?" aliuliza fundi. "Si ya ng'ombe mzee?"

"Mara nyingi umanjano huo hutoka kwenye majani mabichi. Ng'ombe akila majani, rangi hiyo huingia kwenye mafuta ya maziwa na ya nyama. Mwilini mwetu hugeuka kuwa vitamini A. Pia kuna mafuta mazuri yaitwayo omega-3. Ng'ombe wa machungani huwa nayo zaidi kuliko ng'ombe anayelishwa nafaka. Sisemi ni dawa ya kila kitu. Maziwa lazima yachemshwe. Nyama isagwe iwe laini. Lakini utando wa maziwa ya mtoto huyu msiuengue."

"Na mimi?"

"Wewe samli kiasi kidogo sana, viazi vya kukaanga uache kweli, na utembee. Ushauri wa mgonjwa mmoja usiufanye chakula cha nyumba nzima."

Alimpa Chiriku matone ya vitamini A, kisha akauliza, "Maziwa ya ng'ombe wa majani mnaweza kuyapata wapi?"

Mke alimtazama mumewe. Fundi aliinamisha kichwa, macho yakaangukia viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa vinang'aa.

Kesho yake alikwenda kwa dada kwa miguu. Karibu na zizi alivua viatu akavishika mkononi. Aliona haya kuingia navyo. Dada alikuwa anakamua, na hakugeuka.

"Dada, nimekosa. Nilikudanganya. Mwanao amekonda, viatu vikashiba."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni.

"Mimi sikasirikii samli," dada alisema mwishowe. "Ungeniambia tu kwamba hamuitaki. Ningekuuliza kwa nini, tukaenda kuuliza wanaojua. Ulinionea haya kwa neno moja. Umepata nini?"

"Aibu ya mtaa mzima."

"Ya mtaa itapita. Ya mtoto je?"

Fundi alilia kama mtoto, mtu mzima yule, viatu mkononi. Dada akamsogezea ndoo.

"Beba. Chemsha. Na viatu uvae, utajikata miguu bure."

Tangu siku ile, uji wa Chiriku ulitiwa kijiko kidogo cha samli. Maziwa alikunywa pamoja na utando wake. Nyama ilisagwa, mboga zikapondwa na samli kidogo. Alirudishwa kliniki kupimwa, na uzito ukaanza kupanda. Macho yake yakaona vizuri hata magharibi. Ngozi ikarudi laini. Kelele nazo zikarudi, tena kwa riba.

Miezi ikapita kabla dada hajakanyaga tena kibandani. Alipokuja, Chiriku alimrukia huku akipayuka. Shangazi mtu akamnusa mashavu, akatabasamu. Kisha akaenda kwenye rafu, akachukua kiatu kimoja, akakinusa. Akachukua cha pili. Fundi alisimama na nyundo yake, shingo imeinama.

"Hivi vinanuka viatu," dada alisema.

"Na mtoto?" aliuliza fundi kwa sauti ndogo.

"Mtoto ananuka samli." Akavuta kigoda, akaketi. "Haya, nipe maji ninywe."