Salamu Aliyoiweka Kiporo

Sakafu ya chumba cha pasi ilikuwa kavu, isipokuwa mahali pawili nyuma ya mswala wa dobi. Palikuwa na madoa mawili ya maji, yamekaa sambamba, kila moja ukubwa wa goti la mtu mzima. Dobi akainua macho kutazama kamba. Shuka zilizoning'inia pale zilikuwa zimekauka tangu asubuhi. Akatazama dari, nayo haikuvuja. Basi akachukua tambara, akafuta, akajiambia ni mkewe aliyeweka beseni, akarudi kwenye kola zake.

Kesho yake, alipomaliza kuswali adhuhuri, madoa yalikuwapo tena, na ubavuni mwake jozi nyingine.

Dobi huyu alikuwa bingwa wa kazi yake, na maneno pia hakupungukiwa. Ukimletea shati lenye doa la mchuzi, alikuambia usoni kwamba umekula kwa pupa. Ila alikuwa na sharti moja asilolivunja hata umlilie: nguo haitoki mkononi mwake nusu nusu. Iliyomshinda leo aliitundika kwenye msumari wa pembeni, akaiita kiporo, akairudia siku nyingine. Wateja walinung'unika, kisha walirudi kwa sababu hapakuwa na mwingine mtaani wa kumfikia.

Kosa lake ni kulipeleka sharti hilo mpaka kwenye swala.

Alifiwa na wazazi angali mdogo, akalelewa huku na kule, na madrasa aliisikia kwa majirani tu. Fatiha aliijua, na sura fupi mbili tatu. Lakini tahiyatu, ile isomwayo katika kikao cha mwisho, na kumswalia Mtume kunakoifuata kabla ya kutoa salamu, hakuwahi kuyafikisha mwisho. Msikitini haikumpa taabu. Alichezesha midomo, na imamu alipogeuza shingo kulia naye aligeuza. Kazi ilipozidi akaanza kuswali peke yake chumba cha pasi, na humo hapakuwa na shingo ya kuiga. Alifika kikao cha mwisho, akasoma alichokijua, akakwama katikati. Kutoa salamu hapo aliona ni sawa na kumpelekea Mungu shati lenye mkono mmoja ulionyooshwa na kumwambia kazi tayari. Kwa hiyo hakuitoa. Aliinuka kimya kimya, akakunja mswala, akanuia kwamba hiki ni kiporo, atakirudia akishajifunza. Mwalimu alikuwa karibu, maana shangazi wa mkewe alifundisha watoto Kurani nyumba ya pili kutoka kwao. Lakini mtu mzima mwenye ndevu akakae na watoto wa kung'oka meno! Haya ikamshika, siku zikaenda, na viporo vikarundikana.

Baada ya madoa ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi zikasahaulika kabatini, harufu ambayo kwa dobi ni aibu kuliko deni. Alipekua rafu zote, akanusa kila furushi, hakuona kitu.

"Mke wangu," alisema jioni ile kwa sauti ya chini, "ukipita chumba cha pasi husikii harufu?"

"Nasikia harufu ya mume aliyekataa chakula cha mchana."

"Sitanii."

Mkewe akamtazama vizuri, akaona kweli hatanii. "Labda ni panya," akasema, lakini naye alikuwa amepunguza sauti.

Siku iliyofuata, dobi akiwa amekaa kikao cha mwisho, amekwama palepale anapokwama kila siku, alisikia nguo zikichakacha nyuma yake, kama safu ya watu wanaojiweka sawa baada ya kukaa mno. Kisha mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo cha adabu, kile cha maamuma aliyechoshwa na imamu anayerefusha. Dobi hakugeuka. Aliinuka bila salamu kama desturi yake, akauacha mswala chini, akaenda mlangoni na kuvuta kitasa. Mlango haukutikisika. Akavuta kwa mikono miwili, mguu ukiwa ukutani, akimwita mkewe, na mbao zile alizozijua kwa miaka zikakaa kimya kama ukuta wenyewe, na nyuma yake wakakohoa tena, safari hii wengi.

Mkewe akaufungua kwa nje kwa kidole. "Unapiga kelele za nini? Mlango uko wazi."

Dobi alikuwa amelowa jasho. Angesema ukweli saa ile, angetembea hatua chache tu mpaka kwa shangazi, mambo yangekwisha. Alisema kitasa kinahitaji mafuta.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka sita, wakamwita Chiriku kwa kuwa kimya na yeye hawakuwahi kujuana. Alizungumza akila, akaoga akizungumza, na usingizini aliendelea na mazungumzo ya mchana. Dobi alimpenda kupita kiasi na hakuficha. Alasiri hiyo Chiriku alijifunga mtandio wa mama yake kichwani, akanyata mpaka chumba cha pasi, akasimama nyuma ya baba yake aliyekwisha kuanza swala. Baba akainama, naye akainama. Baba akasujudu, naye akasujudu, huku akijizuia kucheka. Dobi alizisikia pumzi zake na roho ikatulia, akidhani leo yuko na mtoto wake tu.

Akafika kikao cha mwisho, akakwama, akainuka.

"Haya mama, twende tukamsaidie mama yako kuanua nguo."

Chiriku hakuinuka. Alikuwa amekaa sawasawa kabisa, mguu wa kushoto chini yake, wa kulia umesimamishwa kwa vidole, kidole cha shahada kimenyooka juu ya goti. Macho yalikuwa wazi na hayakumwona baba yake. Midomo ilikuwa ikisoma. Alisoma tahiyatu yote, herufi za kooni zikitoka kooni, mtoto ambaye hata alifu na be alikuwa bado anazichanganya. Akafika mwisho kabisa, akavuta pumzi, shingo ikakaza kama inayotaka kugeuka kulia. Haikugeuka. Akaanza tena mwanzo.

Dobi alimshika kwapani amwinue, na mtoto ambaye yeye alizoea kumrusha juu alikuwa mzito kama blanketi lililolala ndani ya maji usiku kucha. Ngozi ilikuwa ya baridi. Akamwita, akamtikisa, akambusu mikono, na yeye anasoma tu. Ndipo dobi alipopiga ukelele uliomleta mkewe mbio, na mkewe akatoka mbio zaidi kwenda kwa shangazi.

Shangazi alikuja na chaki mkononi. Alisimama kizingitini, akanusa, na hakuvuka.

"Ulikuwa unamswalisha?"

"Nilikuwa naswali peke yangu, shangazi."

"Hukuwa peke yako. Ulitoa salamu?"

Dobi akatazama chini. "Sikutoa."

"Leo tu?"

Dobi akatikisa kichwa, na mkewe akajifunika mdomo. Kisha yakamtoka yote: kukwama, viporo, msumari, haya.

"Haya hiyo tungeimaliza kwa kikombe cha chai, mwanangu," alisema shangazi taratibu. "Sikiliza, na usipige kelele. Majini nao wanaswali. Walikukuta humu unaswali, wakajipanga nyuma yako. Wewe unainuka, unakwenda zako kula, wao wamebaki wamekaa, maana imamu wao hajawafungia swala. Swala baada ya swala umewaacha hapo. Sasa mwanao amekaa safu moja nao, na kilichowashika wao ndicho kilichomshika yeye."

"Nifanye nini?"

"Uingie, uswali, uifunge. Yote, mpaka salamu."

"Siijui."

"Utaijua sasa hivi."

Wakakaa ukumbini, yeye na shangazi, magoti yakigusana, na shangazi akampa maneno mafungu mafungu kama anavyowapa watoto. Tahiyatu ikaingia upesi, kwa sababu hofu ni mwalimu mkali. Kumswalia Mtume ndiko kulikomponza. Kuna sehemu mbili zinazofuatana, ya kwanza kuomba rehema, ya pili kuomba baraka, na maneno yanakaribiana mno. Dobi akaingia ya pili, akateleza, akajikuta yuko ya kwanza tena.

"Ni kama mikono miwili ya shati moja," alisema akikaribia kulia.

"Ndiyo, na wewe unapiga pasi mkono uleule mara mbili. Tena."

Akasoma tena. Mlangoni mkewe alikuwa amesimama akimtazama mtoto, na sauti ya Chiriku waliyokuwa wakiisikia kutoka ndani ilikuwa imepungua, ikawa mnong'ono.

"Shangazi, midomo inageuka rangi," alisema mke.

Dobi akasimama. Shangazi akamshika mkono kwa nguvu. "Neno moja tu. Ukikwama, ukae hapo hapo mpaka ulikumbuke neno linalofuata. Watakuambia. Wanaijua kuliko mimi. Usilipokee neno lao hata moja, maana yule unayelipokea neno kwake umemfanya imamu wako, na imamu wako ndiye wa kukufungia swala. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Aliingia, na mlango ukajifunga nyuma yake bila mtu kuugusa. Alisimama kwenye mswala, akatoa takbiri, na nyuma yake chumba kidogo cha meza na rafu kikajaa mchakacho wa nguo nyingi zikisimama pamoja. Aliinama nao wakainama. Aliposujudu alisikia vipaji vya nyuso vikigusa sakafu, safu kwa safu, mbali kuliko ulivyokuwa ukuta. Harufu ya nguo mbichi ikamkaba. Katikati ya yote hayo aliitafuta pumzi moja ndogo, akaipata, akaishikilia.

Akakaa kikao cha mwisho. Tahiyatu ikapita yote. Akaanza kumswalia Mtume, akamaliza sehemu ya kwanza, akaingia ya pili, akateleza, akawa ya kwanza. Akaanza upya. Akateleza tena, na kila alipozunguka ile pumzi ndogo nyuma yake ilikuwa inachelewa zaidi kurudi, na akajua kwamba neno analolitafuta analo, ameambiwa muda mfupi uliopita na mtu aliyegusana naye magoti, ni neno moja tu la kumvusha, lakini ulimi ulikuwa umejizoesha njia ya kurudi kama ng'ombe anayerudi zizini, na huko mlangoni mkewe alikuwa akigonga na kuita na mlango haukutoa hata sauti ya kugongwa, na safu zile zote zikainama kidogo mbele kama watu wanaosubiri, na ile pumzi ndogo aliyokuwa ameishikilia ikatoka na haikuingia tena.

Hapo neno likaja sikioni mwake, karibu, kwa sauti ya upole kuliko ya mwalimu yeyote. Lilikuwa lenyewe hasa.

Dobi hakudanganyika. Alijua limetoka kwa nani, na maneno ya shangazi aliyakumbuka yote. Alimpenda mtoto wake, ndiyo basi. Akalipokea.

Kutoka hapo ulimi ukateleza mpaka mwisho. Akageuza uso kulia, akatoa salamu. Akageuza kushoto, akatoa salamu. Nyuma yake magoti yasiyohesabika yakainuka kutoka sakafuni kwa mara moja, zikapita pumzi ndefu za watu waliofunguliwa, na baada yake kimya, na baada ya kimya Chiriku akapiga chafya.

"Baba, miguu imekufa ganzi," alisema. "Mbona umerefusha hivyo?"

Mlango ukafunguka. Mkewe akaingia akamkumbatia mtoto, akilia na kucheka pamoja. Dobi alicheka pia, ndani kwa ndani, akaweka mikono mapajani ainuke awafuate.

Magoti hayakutoka.

Ndipo alipoona kwamba mbele yake, kati ya mswala na ukuta, ameketi mtu aliyempa mgongo, amevaa kanzu nyeupe yenye mikunjo ambayo pasi haijawahi kuigusa. Mtu yule akaanza kusoma tahiyatu kwa ile sauti ya upole, na ulimi wa dobi ukamfuata, neno kwa neno. Kidole chake cha shahada kikanyooka chenyewe juu ya goti.

Shangazi alimtazama kutoka kizingitini. Hakuona mtu mbele ya dobi, ila alikiona kile kidole.

"Umelipokea," alisema.

Dobi alitaka kusema lilikuwa moja tu. Alitaka kumwambia mkewe asimlaumu shangazi. Kilichotoka mdomoni kilikuwa tahiyatu.

"Baba bado anaswali," alisema Chiriku. Akajichomoa mikononi mwa mama yake, akauvuta mtandio vizuri kichwani. "Nimeshayajua yote sasa. Nikae naye nyuma hapa, asiwe peke yake."

Akapiga hatua kuja. Dobi alikusanya nguvu zake zote, za mikono iliyobeba mafurushi ya nguo mbichi maisha yake yote, azipeleke kwenye neno moja la kumkataza, na neno hilo likatoka likiwa la kumswalia Mtume, zuri, lisilo na kosa hata moja. Mguu wa mtoto ulikuwa karibu kugusa mswala. Macho tu ndiyo yaliyobaki kuwa yake. Akayainua kwa mkewe, akayapeleka kwa mtoto, akayapeleka mlangoni, na wale waliokaa nyumba moja miaka mingi hawahitaji zaidi ya hapo. Mkewe alimnyakua Chiriku kiunoni, akatoka naye huku mtoto akirusha miguu na kuita baba, baba. Shangazi akauvuta mlango. Dobi akasikia ufunguo ukizunguka kwa nje, na akashukuru.

Mbele yake sauti ile ikafika mwisho. Ikavuta pumzi. Dobi akakaza shingo, tayari kugeuka kulia. Sauti ikaanza tena mwanzo, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.