Moshi wa Vitonge vya Kahawa

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Shamim aliwasha moto na kuinjika sufuria kubwa ya maharagwe. Aliishi Namakwekwe, mjini Mbale, pamoja na nyanya yake, ambaye alimwita Haboba kama watoto wa Kinubi wanavyowaita nyanya zao. Haboba aliwauzia waendesha baiskeli za boda boda maharagwe yaliyopikwa. Yakiiva mapema, wateja walijaa mlangoni. Yakichelewa, walikwenda kula kwingine.

Siku hizo, mwishoni mwa miaka ya themanini, mkaa ulikuwa taabu tupu. Vita vilikuwa vimetoka mjini, lakini huko Teso, ulikochomwa mkaa, watu walikuwa bado wakipigana na malori hayakufika. Miti ya miteremko ya Mlima Elgon nayo ilikuwa imekatwa ovyo katika miaka ya fujo. Ndiyo maana wengi walifurahi alipokuja Bwana Kirunda, mtafiti kutoka Jinja, na magunia ya vitonge vilivyotengenezwa kwa makapi ya kahawa. Yalikuwa maganda makavu yanayotupwa viwandani, yakashindiliwa hadi yakawa magumu kama vipande vya sabuni.

"Uganda, Kenya na Swideni tumeungana kutafuta moto usiomaliza misitu," alieleza. "Nyumba chache za hapa zitapikia vitonge hivi bure. Nyinyi mtatuambia vinafaa au havifai. Majibu yenu ndiyo yatakayotuongoza tupange nishati ya miji mingine."

Vitonge viliwaka vizuri, lakini moshi wake! Ulikuwa mzito, ukikwaruza koo na kuchoma macho. Haboba alipika huku akikohoa, ukingo wa mtandio wake puani.

Bwana Kirunda aliporudi kuuliza, Haboba alisimama wima kama aliyeitwa na mkubwa wa jeshi.

"Vizuri sana, afande. Vizuri kabisa."

"Moshi je, mama?"

"Hakuna moshi, afande."

Alipoondoka, Shamim alishangaa. "Haboba, mbona umemficha ukweli?"

Haboba alifunga mlango kwanza. "Sikiliza, mwanangu. Babu yako Asadu alimwambia mtu wa serikali kwamba sukari ya mgao haikufika mtaani. Hilo tu. Wakamchukua kwa gari, na mpaka leo hatujui alipolala. Mkubwa akikuuliza, mwambie ni vizuri."

Nyumba nyingine nazo zilijibu hivyo hivyo. Bwana Kirunda alizungumza Kiswahili, na kwa majirani wengi Kiswahili kilikuwa bado lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani. Khainza, rafiki yake Shamim, alimnong'oneza kwamba mama yake ameficha vitonge uvunguni na anapikia kuni, lakini naye husema ni vizuri.

Shamim alikuwa na sababu yake pia. Bwana Kirunda alikuwa amefika shuleni na kumsifu mbele ya darasa zima. "Huyu ni msaidizi wetu wa utafiti," alisema, na wanafunzi wakampigia makofi. Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa, Shamim alijibu haraka, "Vizuri sana, bwana!" Sifa ni tamu, na hakutaka imtoke mdomoni.

Kisha zikaja mvua. Siku moja Haboba alihamishia jiko ndani na kufunga mlango ili upepo usiingize maji. Shamim aliporudi kutoka shule, alikuta moshi ukipenya chini ya mlango. Aliusukuma. Haboba alikuwa ameanguka kando ya jiko, hasemi.

"Mama Khainza! Njoo! Haboba anakufa!"

Walimburuta hadi barazani, mvua ikimpiga usoni. Alitapika, akafungua macho, akalalamika kichwa kinapasuka. Zahanatini mganga alisema, "Moto uliofungiwa ndani hutoa hewa yenye sumu. Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine."

Usiku ule Shamim hakulala vizuri. Mara ngapi alikuwa ameulizwa kuhusu moshi? Na mara ngapi alikuwa amecheka na kusema hakuna?

Jumamosi iliyofuata wakazi waliitwa katika ukumbi wa shule. Bwana Kirunda alikuja na Bi. Makokha, mtafiti kutoka Kenya, na mgeni mmoja kutoka Swideni. Haboba, ambaye sasa alikuwa na nafuu, alikaa mbele.

"Nyumba zote zimesema ni vizuri," Bi. Makokha alitangaza. "Basi tutaagiza mashine kwa ajili ya Mbale, Jinja na Kisumu."

Watu wakapiga makofi. Shamim akainuka. Haboba alimvuta gauni kwa nguvu, lakini msichana hakukaa.

"Si kweli," alisema. "Vina moshi mbaya. Nyanya yangu alianguka. Mimi nilijua, nikasema uongo kwa sababu nilipenda kusifiwa."

Mzee mmoja alitazama mlango kama anayehesabu hatua za kukimbia. Ndipo mama yake Khainza akasimama. "Mtoto anasema kweli. Mimi sivitumii kabisa."

Bwana Kirunda hakukasirika. Aliomba apelekwe jikoni kwa Haboba, akachutama, akawasha vitonge yeye mwenyewe. Muda si muda alikuwa akifuta machozi, na mgeni wa Swideni alitoka nje akikohoa.

"Tulivijaribu uwanjani, penye upepo," Kirunda alikiri. "Hatukupika ndani ya nyumba zenu. Kosa hilo ni letu. Pole sana, mama."

"Lakini kumbukeni," Bi. Makokha aliongeza, "mficha maradhi, kilio humuumbua. Tungesambaza sumu hii katika maelfu ya majiko, tukidhani tunasaidia."

Mashine hazikuagizwa. Watafiti walirudi kazini na kujifunza kuyachoma makapi kwanza ndani ya pipa lililofunikwa hadi yawe mkaa, kisha kuyashikanisha kwa uji wa muhogo. Mafundi walitoboa matundu ya hewa katika kuta za majiko ya Namakwekwe. Vitonge vipya vilipofika, moshi ulikuwa kidogo sana, ila vilimeguka upesi. Safari hii wanawake waliyasema yote mawili.

Jioni moja Haboba alimketisha mjukuu wake karibu naye.

"Ulipoinuka ukumbini, moyo wangu ulisimama," alisema. "Nilimwona babu yako. Lakini wale walituuliza ili watusaidie, nasi tukawajibu kama waliokuja kutukamata. Nilidhani nakufundisha adabu, Shamim, kumbe nilikuwa nakufundisha woga. Adabu ni kusema kweli kwa upole, hata mbele ya mkubwa. Mtu akidanganywa, hata akiwa na nia njema, atakujengea nyumba juu ya shimo."