Mizunguko ya Araba

Ijumaa ile Frimpomaa aliingia Suame Magazine, mtaa wa mafundi magari, na gauni lake la kitenge cha bluu, akipita katikati ya injini zilizofumuliwa na cheche za kuchomelea, amekumbatia koili iliyomshinda. Alikuwa anaunda mashine ndogo ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku, ili hospitali za mikoani ziimudu. Koili yake huvaliwa kichwani kama kofia, idake mawimbi hafifu yanayotoka kwenye ubongo. Hii ilidaka chenga tupu.

Akaelekezwa kwa Ebo, fundi wa kusuka mota, mwanamume mrefu, mpole, ovaroli lake limepauka lakini limepigwa pasi. Ebo aliigeuzageuza ile koili.

"Nani kaisuka hii?"

"Mimi."

"Basi, Injinia, nakuomba usije ukasuka nywele za mtu."

Frimpomaa akajikuta anacheka kabla hajaamua kukasirika.

Wiki sita walishinda pamoja. Ebo alisuka, Frimpomaa akapima. Mchana walikula waakye, wali uliopikwa na maharage, kwenye jani moja, na jioni wakapigiana simu hadi chaji ikaisha. Kitu kimoja tu kilimtia baridi Frimpomaa. Ebo akiwa anahesabu mizunguko ya waya, mara hunyamaza, hugeukia mlango usio na mtu, hunong'ona, "Asante, Araba," kisha hufumua mzunguko mmoja na kuanza upya.

Siku moja akamuuliza kwenye simu.

"Araba ni nani?"

Ebo akajibu, "Mke wangu."

Frimpomaa akakata. Siku tisa hakupokea simu yake, na koili mpya ikakaa mezani bila kujaribiwa.

Siku ya kumi Ebo alimfuata maabara, macho mekundu. Akamweleza kwamba Araba alifariki miaka minne iliyopita. Kichwa kilimuuma miezi mitatu. Wakaambiwa picha ya ubongo waifuate Accra, naye akakata roho njiani, karibu na Nkawkaw, amemlalia begani.

"Kwa nini hukusema *alikuwa* mke wako?"

"Hilo neno ndilo halinitoki mdomoni."

"Na bado anakuja?"

"Nikisuka, huja. Husimama mlangoni. Nikikosea hesabu, hutikisa kichwa."

Frimpomaa aliutazama mlango. Hakuona kitu, ila vinyweleo vilimsimama. Akamvisha Ebo koili, akamlaza ndani ya sumaku, akawasha mashine. Taratibu picha ikajitokeza kwenye skrini, safi, haina chenga.

"Umemwona?" Ebo akauliza kutoka ndani.

"Nimekuona wewe," Frimpomaa akajibu. "U mzima, mpenzi wangu."

Picha ya pili iliharibika, maana Ebo alikuwa analia na kichwa hakikutulia.

Miezi miwili baadaye alikwenda kwa kina Frimpomaa kupeleka posa, yeye na wajomba zake wawili, na chupa za pombe ya posa. Frimpomaa alikuwa amewapangia wageni viti vinne. Mama yake akasema kimoja kimezidi, akakishika akitoe.

"Kiache, Mama," Frimpomaa akasema, akiutazama mlango.