Sista na Vumbi la Kibuyu

—ulimi nje kabisa, jamani, shingo imenyooka kama ya bata, na mbavu zinaenda juu chini, juu chini, mpaka Chepkurui akaangusha sufuria nzima ya maji!

Huyo alikuwa Sista. Na ngojeni kwanza niwaambie Sista ni nani, kwa sababu bila yeye nusu ya kijiji ingekuwa bado inasalimiana vizuri.

Sista alikuwa paka wa Kogo Rebeccah, nyanya yake Chepkurui, huko juu kidogo ya Kapkatet ambako majani chai yamepandwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa shingoni, ambako alikuwa na ukosi mweupe kama wa masista wa misheni. Alimzidi Chepkurui umri, na alijua hivyo. Ukimwita hakukimbia, alikuja akitembea. Ukichelewa kumpa maziwa alikukazia macho mpaka uone aibu wewe mwenyewe.

Chepkurui alikuwa Gredi ya Sita. Kila jioni akitoka shule alivua yunifomu, akaingiza kuni, kisha akatengeneza kibuyu cha mursik, kwa sababu vidole vya Kogo vilikuwa vimeanza kukataa kazi. Mursik ni maziwa yetu ya kulala, na hayalali vizuri kwenye kibuyu kitupu. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka kiwe kaa jekundu, unakiingiza ndani ya kibuyu, unasaga kaa hilo ukutani kote mpaka ndani kuwe kweusi na kunukie. Halafu unakung'uta vumbi lililobaki, ndipo unamimina maziwa. Vumbi lenyewe ni laini kushinda unga wa ngano. Likipata upepo kidogo linaruka kama moshi.

Kogo alikuwa na sheria moja tu kuhusu vumbi hilo. Likung'utwe nje, nyuma ya ghala. Jikoni ni pa chakula.

Lakini mvua ya kwetu mnaijua. Inangoja watoto watoke shule ndiyo ianze. Nyuma ya ghala kulikuwa na matope ya kumeza sandali, na Chepkurui alichoka kuosha miguu mara mbili. Kwa hivyo muhula huo alianza kukung'uta kibuyu papo hapo jikoni, karibu na mafiga, kisha akafagia vumbi chini ya kuni. Nani angejua? Sista peke yake ndiye alikuwa hapo, amekaa karibu kabisa na mdomo wa kibuyu, kwa sababu alijua matone ya kwanza ya maziwa ni yake.

Mara ya kwanza Sista aliposhikwa na ile hali ya ulimi nje, baba mdogo Kiptum alisema ni mfupa. Alimfungua mdomo, akaingiza kidole kutafuta, na Sista, pamoja na kukosa pumzi yote hiyo, alipata nguvu ya kumng'ata. Kiptum alizunguka na kidole kimefungwa kitambaa, akiulizwa na wachuma chai kwenye kituo cha kupimia majani kama alipigana na chui. Mfupa haukuonekana. Baada ya muda pumzi ya Sista ikarudi polepole, akalala.

Mara ya pili wakasema ni minyoo, akapewa dawa ya mbuzi kidogo.

Mara ya tatu alikuwepo jirani yao Chepkemoi, ambaye alikuwa amekuja kuazima ungo. Aliangalia yule paka amechuchumaa, viwiko vimetoka nje, mdomo wazi, kisha akasema neno lililoharibu kila kitu. Alisema hiyo ni sumu ya panya.

Sasa, sumu ya panya pale inauzwa duka moja, lile la dawa za mifugo na mbegu, la Jecinta, mama yake Nyathira wa darasa la Chepkurui. Na mwezi uliopita Sista alikuwa amekula kifaranga cha Jecinta. Mnaona hesabu ilivyojijumlisha yenyewe. Hakuna aliyeuliza tena swali. Kiptum alimshika Sista, wakammiminia maziwa kooni ili yaue sumu, na paka aliyekuwa anatafuta hewa akakaribia kufa kwa kuzama. Kogo alikaa kitini akimwita jina. Paka huyo ndiye alilala miguuni pake tangu babu alipofariki.

Familia ya kina Nyathira ilitoka upande wa Murang'a zamani, wakati wa babu yake. Nyathira mwenyewe alizaliwa hospitali ya hapo Kapkatet, akajifunza kutembea kwenye ua wa Kogo, na alimwita Kogo, nyanya kwa Kikalenjin, sio cucu ya Kikuyu. Yeye na Chepkurui walikaa dawati moja. Kitu kimoja tu watu walimsema nacho. Kibuyu kikianza kutengenezwa, Nyathira alitoka jikoni. Walisema anajidai, mursik inamnukia vibaya. Yeye alicheka tu akaenda kukaa chini ya upenu wa paa mpaka kazi iishe.

Jioni hiyo ya mara ya tatu alikuja kuchukua kitabu cha hesabu. Alimkuta Sista bado anahema. Alisimama mlangoni akamtazama sana, kisha akasema polepole, "Kogo, hii si sumu. Mimi pia hufanya hivyo. Nikishikwa na kifua hukaa hivyo hivyo, shingo mbele."

Nyathira alikuwa na pumu. Darasa zima lilijua, alitembea na kile kichupa cha kupulizia kwenye mfuko wa sweta. Kogo alijua pia. Lakini mtu akishapata wa kulaumu, hasikii tena.

"Rudi kwenu," Kogo akamwambia. "Mwambie mama yako paka bado hajakufa."

Nyathira alimgeukia Chepkurui, akingoja aseme kitu. Chepkurui akainama akaanza kuokota vijiti vya senetwet. Nyathira akaenda bila kitabu.

Kesho yake Kogo alisema habari hiyo kituo cha chai, mbele ya foleni ya watu wenye vikapu mgongoni. Hakuisema mara moja tu. Na sasa nataka mnielewe, kwetu huku neno kama lile alilotumia, "hawa watu wa kuja," si neno la kuchezea. Wazee wanakumbuka miaka ambayo lilichoma nyumba. Hakuna aliyechoma chochote safari hii, asante Mungu. Lakini watu walianza kuvuka barabara kununua mbegu duka lingine. Shuleni ilikuwa mbaya zaidi, maana watoto hawana breki. Nyathira akifungua chakula chake, wavulana wa nyuma waliimba, "Sumu, sumu, usionje." Mmoja aliuliza kama chapati yake ni ya panya ama ya watu. Darasa likacheka.

Chepkurui hakucheka. Alivuta tu mkebe wake wa chakula kando kidogo, usiguse ule wa Nyathira.

Nyathira aliona mkono huo.

Wiki hiyo Kogo alienda matanga Siongiroi akalala huko, na kibuyu hakikutengenezwa. Sista alikaa vizuri, akashika hata panya. Kogo aliporudi, kibuyu kikatengenezwa, na Sista akashikwa kabla maziwa hayajamiminwa. Chepkurui alisimama na kibuyu mkononi akiangalia vumbi jeusi linavyoshuka kwenye mwanga wa mlango, taratibu, juu ya mgongo wa paka, juu ya pua yake. Ndipo alipojua. Alijua kama mtu anavyojua jina lake.

Mnafikiri alisema? Hakusema. Angesema nini? Kwamba alikung'uta vumbi pale alipokatazwa? Jambo lilikuwa dogo wakati lilikuwa la matope na miguu. Sasa lilikuwa na duka la watu ndani yake, na foleni ya chai, na Nyathira. Na hata kwenda nyuma ya ghala sasa aliogopa, Kogo angeuliza kwa nini leo vumbi linatoka nje, jana lilikuwa linatoka wapi. Kwa hivyo alitafuta njia yake ya katikati. Alimfungia Sista nje, akaendelea kukung'uta ndani.

Mtu wa njia ya katikati hukutana na gari kutoka pande zote mbili.

Siku daktari wa mifugo, Bwana Ongeri, alipokuja kupandisha ng'ombe, mvua ilikuwa imeanza. Chepkurui alikuwa jikoni, mlango umefungwa, kibuyu kinakung'utwa. Sista aliinuka kwenye baraza, akasikia harufu ya kazi ile aliyoizoea maisha yake yote, akapanda dirisha lililovunjika ubao, akarukia ndani, kando ya kibuyu, mahali pake.

Safari hii hakuhema kwa sauti. Hakukuwa na sauti. Alianguka ubavu, na ufizi wake ukawa na rangi ya zambarau.

Chepkurui alimbeba nje kwenye mvua akikimbia. Bwana Ongeri alikuwa ananawa mikono kwenye karai. Alimpokea paka, akaangalia mdomo, akasikiliza ubavu kwa sikio. Kogo alikuja nyuma akilia kwamba hushikwa jioni akaachiwa, kwamba ni sumu ya yule mwanamke, sasa amemaliza.

"Sumu haiji jioni ikaondoka asubuhi kama mgeni, mama," daktari akasema, huku anafungua mkoba kutafuta sindano. "Hii ni kifua. Paka hupata pumu kama watu. Alikuwa anafanya nini kabla ya kushikwa? Niambieni upesi, na ukweli."

Kiptum alimwangalia Kogo, Kogo akaangalia mlango wa jikoni.

Chepkurui alikuwa na vumbi jeusi mpaka kwenye kope.

"Ni mimi," akasema. "Ni vumbi la kibuyu. Nimekuwa nikikung'uta ndani. Kila mara aliposhikwa nilikuwa nimekung'uta ndani."

Daktari hakumgombeza, hakuwa na wakati. Alidunga sindano, akamlaza paka kwenye gunia kavu barazani penye hewa, akasema wote warudi nyuma. Walikaa hapo wakisikiliza mvua kwenye mabati. Baadaye sana ubavu wa Sista ukainuka vizuri, ukashuka, ukainuka tena. Bwana Ongeri akaeleza kwamba ugonjwa huo hauishi, na Sista ni mzee, lakini asipopata vumbi wala moshi anaweza kukaa. Asilale jikoni tena. Akiona shida wampigie simu, na wasimmiminie mtu yeyote maziwa kooni, hata adui.

Alipoenda, Chepkurui alingoja kiboko. Hakikuja. Kogo aliketi, akaweka mkono juu ya paka.

"Uliyajua lini?" akauliza.

"Uliporudi kutoka matanga."

"Na Nyathira unakaa naye dawati moja."

"Ndiyo, Kogo."

Kogo akavuta pumzi. "Sikiliza. Uvivu wako ulikuwa mdogo, ungeisha kwa kuosha miguu. Ukimya wako ndio ulikua. Na mimi sikuwa bora. Mtoto mgonjwa alisimama mlangoni kwangu akaniambia ugonjwa ninaoujua, nikamfukuza kwa sababu ya mahali babu yake alitoka. Vumbi la kibuyu, ukilitoa nje, mvua inalibeba. Langu mimi nililikung'uta kituo cha chai. Kosa likiwa bado dogo, liseme. Likishakuwa kubwa litasemwa tu, lakini litakuwa limepita kwa watu wengine kwanza."

Asubuhi Kogo alisimama mbele ya foleni ile ile, vikapu vile vile, akasema kwamba alisema uongo juu ya Jecinta. Wengine waliangalia majani yao. Chepkemoi alikohoa. Kisha Kogo akaenda dukani na Chepkurui, na kibuyu cha mursik kimefungwa vizuri.

Jecinta aliwasikiliza akiwa amesimama nyuma ya kaunta. Hakuwatukana. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiweka kando ya mizani.

"Nimesikia, Mama Kiptum," akasema. "Asante kwa kuja."

Tangu aje kuolewa pale alikuwa akimwita Kogo, kama mtoto wa nyumbani. Kogo alisikia tofauti hiyo, kila mtu dukani aliisikia. Hakuwaambia waketi.

Jioni, Sista alilalia mlango wa jikoni uliofungwa, akiukwaruza na kulia aingie mahali pake, na hakuna aliyeweza kumweleza. Chepkurui alikung'uta kibuyu nyuma ya ghala, matope mpaka kwenye vifundo. Alipomaliza akashuka mpaka kwenye ua wa miti uliotenganisha shamba lao na la kina Nyathira. Nyathira alikuwa upande wa pili anatoa nguo kwenye kamba. Siku hiyo shuleni alikuwa amehamia dawati la mbele, peke yake.

Chepkurui alianza kueleza. Alieleza mvua, matope, vumbi, sindano, jinsi ufizi ulivyogeuka rangi. Alieleza haraka, maneno yakigongana, mpaka akafika pale Kogo alipomfukuza Nyathira, na hapo akarukia habari za daktari. Nyathira aliendelea kukunja nguo. Jecinta akaita kutoka ndani, giza linaingia.

"Kesho nitakuambia yaliyobaki," Chepkurui akasema.

Nyathira aliinua beseni, akaliweka kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamtazama.

"Kesho uanzie pale uliponyamaza," akasema.

"Nitaanzia hapo. Kesho."