Kidole Kwenye Waya

Rafiki yangu mshonaji aliambiwa na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe: “Ile amplifaya ya mwisho ya kaka nimeiunga waya uliobaki. Ijaribu, shemeji. Mteja mwenyewe anaifuata kesho.”

Mumewe alikuwa akiunda amplifaya hapo nyumbani. Kila alipomaliza moja, aligusa kwa kidole waya wa kuingizia sauti, mara mbili, kisha mara moja, na kila mguso spika ikanguruma. Mkewe alikuwa akimtania kutoka jikoni, “Baba, mfunge ng'ombe wako!”

Jioni hiyo aliiwasha. Spika ikavuma kidogo, ikatulia. Mara umeme ukakatika mtaa mzima, chumba kikawa giza totoro. Akapapasa ukuta, akachomoa plagi.

Plagi ikiwa mkononi mwake, spika ikanguruma. Ikanguruma tena.

“Baba?” akaita.

Akakaa sakafuni, akangoja ya tatu usiku kucha.

Asubuhi mwenye amplifaya alipobisha hodi, alimfungulia macho yakiwa mekundu.

“Nenda tu, kaka,” akamwambia. “Fundi bado hajamaliza kuijaribu.”