Ndoo ya Tisini na Tatu

Kila siku saa kumi na moja alfajiri naipanga ndoo yetu kwenye foleni ya kisima, kisha narudi nyumbani kufagia. Ndoo yenyewe hunishikia nafasi. Mtaa wetu, pembezoni mwa mji wa Bariadi, una kisima kimoja cha pampu ya mkono, na msimamizi wake, Bibi Generoza, huvaa ufunguo wa kufuli shingoni kama rozari.

Mimi ni kiranja wa maji, darasa la sita. Kila asubuhi maji yanapokwisha, pampu ikaanza kukohoa na kutoa hewa, naandika saa kwenye daftari, ili mwalimu ajue kama uji wa shule utapikwa. Jumatatu: saa mbili na dakika kumi. Jumanne: saa mbili kasoro robo. Anayechelewa huenda kufukua mchanga mtoni, mahali ng'ombe wanapokunywa maji. Mdogo wangu Kasmiri alichelewa mara nyingi. Homa ya matumbo ilimlaza wodini siku kumi na moja, na mpaka leo akisimama anashika ukuta.

Mwezi wa tisa, mabua ya pamba yakichomwa na moshi ukitanda mtaa mzima, mwenyekiti wetu, Thomasi, aliitisha mkutano.

"Alhamisi anakuja afisa mipango miji," alisema. "Mashamba yetu yanataka kugeuzwa viwanja vya makazi, viwanja mia nne. Anakuja kupima kama huduma zinatosha. Akiuliza, zinatosha. Tumeelewana?"

Watu walipiga makofi. Baba alipiga kuliko wote. Shamba letu lilikuwa ndani ya mpango huo, na Baba alikuwa amechoka kulima pamba inayomrudisha palepale kila mwaka. Alitaka kuuza viwanja, ampeleke Kasmiri kwa daktari mkubwa Mwanza. Nami nilitaka hivyo. Nilitaka sana.

Jumatano asubuhi tulikuta kisima kimefungwa.

"Bibi, kuna nini?" niliuliza.

"Amri ya mwenyekiti," Bibi Generoza alijibu bila kunitazama. "Kipumzike. Kesho kionekane kina maji."

Siku hiyo mtaa mzima ulikwenda mtoni kufukua mchanga.

Alhamisi, ndoo zote ziliondolewa na kisima kikafagiwa. Afisa alikuwa dada mwembamba aliyeitwa Flora, viatu vyake vyeupe kwa vumbi. Alipiga pampu mwenyewe. Ndoo ikajaa kabla ya dakika moja kwisha.

"Huwa kinakauka?" aliuliza.

"Hakijawahi, mheshimiwa," alisema Thomasi. "Hata kiangazi."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Nilimwona.

Flora akaandika. Alipogeuka kuondoka, akainama. Ardhi ilikuwa na alama za miduara, mmoja nyuma ya mwingine, kutoka pampuni hadi kwenye uzio wa shule.

"Hii miduara ni ya nini?"

"Watoto hao!" Thomasi alicheka. "Wanachezacheza tu."

Watu wakacheka pamoja naye. Nilimfikiria Kasmiri, na mkono wake ukutani. Nikafikiria nyumba mia nne, kila moja na Kasmiri wake.

"Si mchezo," nilisema. "Ni foleni. Ndoo zimechimba."

Kicheko kikakatika. Nilimpa Flora daftari. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, moshi ukitupita machoni.

"Unaitwa nani, mdogo wangu?"

"Nyanjige Ngassa."

"Bibi," alimgeukia Generoza, "kufuli hili lilifungwa lini?"

Bibi Generoza alimtazama Thomasi, kisha akautazama ufunguo. "Jana alfajiri. Nimelifungua sasa hivi ulipofika."

"Basi leteni ndoo zenu. Choteni kama siku zote."

Akaketi juu ya jiwe, akahesabu. Kisima kilikuwa kimepumzika siku nzima, lakini kwenye ndoo ya tisini na tatu pampu ilikohoa, ikatoa hewa. Nyuma yake zilikuwa bado ndoo zaidi ya mia.

"Nitaandika nilichokiona," alisema Flora. "Hakuna kiwanja kitakachopimwa hapa mpaka visima vingine viwili vichimbwe na kupimwa. Na hiki kitaandikwa kuwa hakitoshi hata kwenu mliopo."

Jioni Baba hakula. Alikaa kwenye kigoda uani, mgongo kwetu. Bibi Generoza alipokuja, Baba alimwitikia kwa shida.

"Mtoto wa kike kumsuta mtu mzima hadharani!" Baba alisema mwishowe. "Kesho, Nyanjige, utakwenda kwa mwenyekiti kumwomba radhi. Na mimi utaniomba sasa hivi."

"Ngassa," alisema Bibi Generoza, "aliyefunga kufuli ni mimi, mzee mzima, naye mtoto ndiye aliyesema kweli. Wageni wa nyumba mia nne wangekunywa nini? Ungeuza viwanja umtibu Kasmiri, na wanao wengine wakaugue kwa maji ya mchanga uleule. Kuuficha ukavu wa kisima hakuongezi hata kikombe. Tukisema tulichonacho, ndipo tutaletewa tunachokosa."

Ndani Kasmiri aliita, anataka maji. Nilimpelekea kikombe cha maji yaliyochemshwa, nikamshika mgongo mpaka akamaliza. Mbavu zake nilizihesabu kwa vidole. Nilijua safari ya Mwanza imesogea mbali, na aliyeisogeza ni mimi.

Nilipotoka, Baba alikuwa amenigeukia.

"Nakungoja," alisema.

Nilipiga magoti, kama nilivyofundishwa kusema na mzazi.

"Nakuheshimu, Baba. Lakini siombi radhi. Si kwako, wala kwa mwenyekiti."